Ukurasa wa Mkeka wa Tinay

Adelfa alijua kusuka kabla ya kujua kusoma, lakini ua la mkeka la mama yake, Tinay, hakulijua. Pale Basey, mji wa wasuka mikeka kando ya bahari, msukaji hutambulika kwa ua lake kama mtu anavyotambulika kwa mwendo, na ua la Tinay, lenye petali zilizoinama upande mmoja kana kwamba upepo umezikuta, hakuna aliyelitarizi ila yeye. Tinay hakuwa mchoyo. Adelfa ndiye aliyedhani kwamba muda wa kujifunza upo. Kisha ikaja ile dhoruba kubwa, bahari ikaingia nyumbani, ikamchukua Tinay na mikeka yake na picha zote.

Miaka ikapita. Adelfa akawa msukaji wa kuheshimika, mjane mwenye ulimi mkali kidogo na mikono mitulivu. Siku moja Jonalyn, binti mwenye kibanda cha kompyuta karibu na kanisa, aliona mtandaoni habari zilizoandikwa na msafiri mmoja aliyepita mji huo zamani. Humo mlikuwa na picha ya mkeka, na nyuma yake Tinay amechuchumaa, anacheka. Jonalyn akaufungua ukurasa huo katika simu ya Adelfa. Adelfa hakulia. Aliikuza picha mpaka nyuzi zikahesabika, akasema kwamba sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu mwaka huo, mkeka wa Tinay, uliosukwa upya, ungetembezwa barabarani.

Kesho yake Jonalyn alipoutafuta tena kwenye kompyuta yake, ukurasa haukuwapo; msafiri mwenyewe alikuwa ameuondoa. Picha ilikataa kuhifadhiwa, na walipoupiga picha ule uliokuwa simuni, nyuzi zikikuzwa ziligeuka ukungu. Ukabaki ule ule, uliofunguka katika simu ya Adelfa.

“Simu imeuweka kichwani, Tiya,” Jonalyn alimwambia, akimwita shangazi kwa lugha yao. “Ukiteleza ukaingia kwingine, bonyeza kishale cha kurudi, itakupa ule ule iliokwisha kuuona. Ila usiuvute chini. Ukiuvuta, unaiagiza ikalete mpya, na huko inakokwenda hakuna kitu.”

“Nikiizima?”

“Usiizime. Ilishe chaji kama unavyomnywesha mgonjwa uji.”

Basi Adelfa akaenda nayo pangoni. Nyasi za tikog hazipendi jua, hukauka zikakatika, ndiyo maana wanawake husukia ndani ya pango, ambako mwamba hutoa jasho na nyasi hulegea. Mtandao haufiki humo. Wenzake walimcheka kwa jinsi alivyokuwa akiichungulia simu kila baada ya uzi. Mana Presing, mkubwa wao aliyeitwa Mana kwa heshima ya umri wake, alimuuliza kama amepata mchumba.

“Ningepata, Mana, ningemficha usimwone wewe kwanza.”

Ua lilikuwa limefika nusu Mana Presing alipoomba naye amwone Tinay. Yeye na Tinay walikuwa wamekua pamoja. Akaishika simu kwa mikono miwili, na kidole gumba chake kikagusa mstari wa kufungulia ukurasa mwingine uliokuwa chini ya picha. Tinay akatoweka. Pakatokea maandishi kwamba hakuna mtandao. Adelfa akanyoosha mkono, akabonyeza kishale. Maneno ya msafiri yakarudi, lakini mahali pa picha palikuwa peupe.

Sasa, katika mji ule uliozoea mtandao dhaifu, kila kidole gumba kina tabia moja: ukurasa ukisuasua, uvute chini. Kidole cha Mana Presing kilikwenda chenyewe. Adelfa akamkamata kifundo cha mkono.

Wanawake wakaacha kusuka. Mkono wa mkubwa hushikwa kwa kuwekwa kwenye paji la uso, kuomba baraka. Haukamatwi kama wa mwizi.

“Usivute, Mana. Nakuomba. Tungoje.”

“Nimempoteza?” Mana Presing aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya kutania.

Adelfa hakumwachia. Peupe pale pakakaa peupe. Kisha picha ikaja, kwanza ukingo wa mkeka, halafu ua, halafu Tinay na kicheko chake. Adelfa akauinua mkono aliokuwa ameushika, akauweka kwenye paji la uso wake. Mana Presing akauacha hapo muda mrefu kuliko desturi.

Siku ya sikukuu mkeka ulitangulia mbele ya bendi, umebebwa na wanawake wanne, na watu wazima kando ya barabara walikuwa wakilitaja jina la Tinay kabla ya kuulizwa. Mgeni kutoka Tacloban alitaka kuununua. Adelfa alimwambia autazame tu, kutazama ni bure.

Wiki iliyofuata aliutandaza pangoni na kuwaita wenzake waketi kuuzunguka wajifunze ua la Tinay, kila mmoja na nyasi zake. Alipita nyuma yao polepole, mgongo umenyooka kuliko ulivyozoea. Alisimama penye kazi ya Mana Presing.

“Petali hiyo imesimama wima. Hii inataka upepo. Fumua.”

Mana Presing akatazama mkeka, akatazama kazi yake, akafumua bila ubishi.