Gumato na Wanaolipa Ili Wakonde

Saa kumi na moja jioni, ukumbi mmoja mjini Isiolo unatetemeka. Kaseti inanguruma, viatu vinapiga sakafu, na makarani, walimu na wake za maofisa wanaruka kama waliokanyaga siafu. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Gumato Dida amekaa na vibuyu vyake vya maziwa ya ngamia, akitikisa kichwa.

"Ile mwaka ya njaa sisi wote tulikonda bure," anasema. "Sasa watu wanalipa."

Ni mwaka 1986, na erobiki imeingia Isiolo kwa kishindo. Kwa Gumato, mjane wa mtaa wa Bulla Pesa anayesomesha watoto wanne kwa maziwa, lililoingia ni balaa.

Mwalimu wa mazoezi ni Isaac Lowoi, kijana aliyerudi kutoka Nairobi na kaptura ya kubana. Siku ya kwanza alitangaza kwamba maziwa ni mafuta matupu, na atakayeyanywa asirudi ukumbini. Gumato, aliyezoea kuuza lita kumi na tano kwa siku, akaanza kurudi nyumbani na zaidi ya nusu. Wanawe walikunywa mpaka wakakinai, na karo ikabaki bila kulipwa.

Basi kila apitaye anapewa malalamiko yake. Habsa, mke wa mwenye duka, alirudishwa nyumbani kwa mkokoteni baada ya kuruka siku moja tu. Na hizo mbio za kukimbia mahali pamoja, Gumato anauliza, zinamfikisha mtu wapi?

"Ng'ombe akikonda unaita daktari," anasema. "Mama akikonda wanampigia makofi."

Lakini njaa haina adabu. Wiki ya pili, Habsa huyohuyo alikuja nyuma ya ukumbi, amejifunika shela mpaka puani, akaomba kikombe kimoja na siri. Kesho yake walikuja watatu. Gumato akamshukuru Mungu, akajaza vikombe.

Tatizo ni kwamba maziwa yake hayajui kutunza siri. Vibuyu hufukizwa kwa moshi, kama alivyofundishwa na mama yake, na anayeyanywa hunuka jiko. Jioni moja Isaac alisikia harufu ya moshi, akazunguka ukumbi mzima na ndoo ya maji akitafuta moto. Alipokosa moto, akaelewa. Akasimama mlangoni na kuamuru kila mtu ampumulie usoni kabla ya kuingia.

Nje, Gumato alisogea karibu na mlango. Wakifukuzwa hawa, watoto wake hawatasoma.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Akiru, karani asiyeogopa mtu.

"Mwalimu, anza wewe," alisema kwa upole. "Tupumulie."

Isaac akasema kaseti imekwama, akaenda kuirekebisha, na watu wote wakaingia.

Gumato anacheka hadi anafuta machozi. Isaac ndiye mteja wake wa alfajiri tangu wiki ile ya kwanza.

"Huyo ni mtoto wa Turkana, amelelewa na maziwa. Angewacha namna gani? Mimi nilinyamaza. Mteja ni mteja."

Karo imelipwa. Sasa anapanga kununua ngamia mwingine wa maziwa huko Garbatulla, na amemwomba Isaac afundishe asubuhi pia. Bado anaamini erobiki ni wazimu.

"Wacha waruke," anasema, akifuta kikombe kwa leso. "Mtu akiruka si lazima ashuke? Akishuka, mimi niko hapa."