Miwani ya Lorna Petkau

Lorna Petkau alikuwa akifika ukumbini saa nzima kabla yetu sote. Alitoka Steinbach kila siku, theluji iwepo isiwepo, na chupa yake ya supu ya kabichi na penseli nyuma ya sikio. Alipiga basuni ya pili, lile zumari refu lenye sauti nene. Ya kwanza nilipiga mimi, Halldorson, na kwa miaka ishirini na mbili hapa Winnipeg hakuna aliyewahi kuniambia sijui kazi.

Baleti ina vituko vyake. Leo mchezaji huyu ana goti bovu, wanakata kipande. Kesho anacheza mwingine, kipande kinarudishwa. Sisi tunaokaa shimoni mbele ya jukwaa hatuoni kitu, tunategemea karatasi za noti za muziki. Kwa desturi yetu, mpigaji wa pili ndiye anayesoma tangazo ubaoni na kutia alama kwenye noti za wote wawili. Palipo na hatari anachora miwani, yaani fungua macho. Miwani ya Lorna ilikuwa na kope.

"Mzee, leo marudio yapo, kile kipande tunakipiga mara mbili," aliniambia Jumamosi ile mchana. "Nimekuchorea."

"Haya, haya, nimesikia," nikajibu, na wala sikusikia. Nilikuwa nabishana na mpiga tarumbeta juu ya mechi ya jana ya kusukuma mawe kwenye barafu.

Basi nikayaruka marudio. Basuni yangu ikalia peke yake, mapema, na juu yetu tukasikia kishindo. Binti aliyekuwa akingoja sauti yangu ndipo aruke, aliruka, na mwenzake wa kumdaka hakuwa amefika. Tuliambiwa baadaye kwamba aliinuka akamaliza, akichechemea.

Wakati wa mapumziko wenzangu walipotoka, nikaitazama karatasi. Miwani ilikuwa pale pale, kubwa, na kope zake. Nikachukua kifutio nikaifuta, nikapuliza vumbi lake.

Bwana Desrosiers, kiongozi wetu wa okestra, akaja jasho likimtiririka. "Halldorson, umelala?"

"Sina alama yoyote hapa," nikasema. "Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Akamgeukia Lorna. "Hii si ndiyo kazi yako wewe?"

Lorna alinitazama, kisha akatazama pale karatasi ilipochubuka. Angesema nini? Alikuwa katika mwaka wake wa majaribio, na Jumatano wajumbe watano wangempigia kura, abaki au aende. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watano.

"Samahani, Bwana Desrosiers," akasema. "Haitatokea tena."

Jumapili nilikuta amenichorea tena, mahali pale pale, kakandamiza penseli mpaka karatasi imebonyea.

"Hiyo haifutiki kirahisi, mzee," akasema. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

Niliapa kwamba Jumatano nitasema kweli. Maneno niliyafanyia mazoezi garini njia nzima. Wajumbe wawili wakamtaka, wawili wakamkataa, na Desrosiers akanigeukia.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Lorna anafaa?"

Nikikiri kosa, nikiri na kifutio? "Ni mzuri," nikasema, "lakini bado hajakomaa." Nikapiga kura aende. Nilifanya hivyo mimi, mtu mzima mwenye mvi, ili nisionekane nimekosea mara moja.

Miaka tisa imepita. Nasikia Lorna anafundisha watoto filimbi huko Steinbach. Majira haya ya baridi baleti ile imerudi, na zile noti za zamani zikaletwa kutoka stoo. Anayekaa kando yangu sasa ni Curtis Wiebe, kijana mcheshi. Alipoinama kutia alama zake, akacheka.

"He! Nani kachora miwani yenye kope? Imependeza kweli."

Jina la Lorna lilinifikia ncha ya ulimi. Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka tisa, na hakuna ambacho ningepoteza tena kwa kulijibu.

"Mimi," nikasema.

Mchana ule sikukosea hata noti moja. Nilipofika penye miwani nikafungua macho kama nilivyoambiwa, nikahesabu marudio, nikaingia sawasawa, na juu yetu mchezaji akaruka akadakwa, bila kishindo. Wenzangu wakasugua miguu sakafuni, ndivyo tunavyopongezana shimoni, na Curtis akasugua kuliko wote.