Sura ya Mwisho ya Muzee Bulonza

Kaswera amechapa maandishi ya watu kwa miaka kumi na tisa katika chumba kimoja pale mtaani Katindo: maombi ya kazi, barua za kumshitaki mwenye nyumba, hotuba za harusi. Mimi ninatoa kopi upande wa pili wa chumba, kwa hiyo mtu asiniambie uchovu ni nini. Umeme ukikatika tunaangaliana tu.

Muzee Bulonza, mwalimu mustaafu, alikuja kila Jumamosi na kaye yake kwapani, daftari ambalo Kaswera alimchapia. Aliandika hadithi ya nchi iliyo chini ya ziwa, yenye wafalme wa moshi na samaki wanaosema, na msichana aliyepotea huko akitafuta mlango wa kurudi juu. Msichana aliitwa Charline. Hatukuuliza kwa nini. Charline alikuwa binti yake mwenyewe, aliyepotea pale kwenye ziwa la Lac Vert siku tuliyokimbia vita kuelekea Sake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hadi leo hakuna aliyeona hata kiatu chake. Muzee alikataa matanga. Kumlia mtu ambaye hujaona maiti yake, alisema, ni kumuua kwa mkono wako mwenyewe.

Basi Charline akikaribia mlango, muzee anaongeza safari nyingine. Sura ya thelathini, mlango ule pale. Sura ya arobaini, bado. Mimi nilishachoka na huyo mutoto, Mungu anisamehe. Muzee akafa kwa presha katika sura ya arobaini na sita, Charline akiwa ameshika komeo.

Mjane wake, Mama Fabiola, akamwomba Kaswera amalizie kitabu, kichapishwe kabla ya kuondoa matanga ya muzee, kila mgeni aondoke na chake. Kaswera alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakosa nguvu za kukataa. Wiki tatu anachapa na kufuta, kisha akaandika kile ambacho mutu yeyote mwenye roho angeandika: Charline akafungua mlango, akatoka ziwani, akamkuta mama yake anapika sombe, majani ya muhogo. Nilisoma nikalia kama mjinga kando ya mashine yangu.

Mama Fabiola alisoma akiwa amesimama, polepole, kidole juu ya mstari. Hakulia.

"Ondoa hiyo, mama," alimwambia Kaswera. "Miaka kumi na mbili muzee alinikataza kulia mutoto wangu. Kila jioni nilimuwekea sahani. Nimechoka. Andika amekufa, watu wamulie, na mimi nipate kukaa chini."

Kaswera alimwambia kwamba muzee asingekubali kamwe.

"Najua. Ndiyo maana nimekuomba wewe."

Kaswera akavuta kiti. Akafuta sombe, akafuta mama, akafuta mlango.

Siku ya kuondoa matanga, padri alitaja majina mawili. Mama Fabiola alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, wanawake wa mtaa wakamzunguka wakimlilia Charline kwa jina lake. Alilia mpaka sauti ikaisha, halafu akalala palepale, mchana kweupe, kama mtu aliyetua mzigo.

Kaswera aligawa vitabu mlangoni bila kumtazama mtu usoni. Jalada lina jina moja tu, la Muzee Bulonza, na ndani yake binti yake amekufa. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Kaswera hafungui kazi.