Gitaa la Mwerezi katika Chumba cha Kufulia

Kwetu, nilipokuwa kijana, Mjapani tulimjua kwa redio na pikipiki. Kwa hiyo siku nilipochungulia ndani ya tundu la gitaa kuukuu, katika duka la mitumba hapa Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, nikaona karatasi yenye maandishi ya Kijapani na sahihi ya wino, nilidhani limetoka kiwandani pamoja na redio hizo. Nililichukua kwa sababu moja tu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ndio uliohitajika nyumbani.

Mke wangu alikuwa ameacha kuimba. Masikio yake yalipungua nguvu, akapewa vifaa vya kuvaa masikioni, na tangu hapo muziki wa kanisani ukamgeukia. Kusanyiko letu la Waswahili hukutana Jakobsberg, na vijana wetu, Mungu awabariki, wanapenda spika. Kinanda cha umeme kikianza, yeye husikia masufuria yanaanguka. Maisha yake yote aliimba sauti ya pili. Sasa alikaa benchi la nyuma, midomo imefumbwa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hakulalamika. Aliniambia mara moja tu, "Baba, naitafuta sauti yangu siipati," kisha akabadilisha mazungumzo.

Jioni niliyolileta gitaa lile nilikaa sebuleni nikapiga pambio la zamani. Mimi si mpigaji. Natumia kidole gumba na cha shahada, basi, kama nilivyofunzwa shuleni. Mke wangu alikuwa jikoni akikata kabichi. Alitoka na kisu mkononi, akasimama mlangoni, akaingia na sauti ya pili mahali pake hasa. Nilimshukuru Mungu moyoni, kisha nikamwomba aweke kisu chini.

Tuliimba hivyo kila jioni, vuli yote. Halafu baridi ikaja, hita zikaanza kazi, na hewa ya ndani ikakauka hata ngozi ya mikono ikachanika. Asubuhi moja niliona mstari mwembamba kwenye ubao wa mbele, kutoka tundu kuelekea chini. Nikadhani ni unywele, nikaupuliza. Haukutoka. Ulikuwa ufa, na nilipogusa uzi wa chini gitaa liliguna kama nyuki ndani ya kopo.

Binti yetu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, alishauri tununue jipya. Alituazima la rafiki yake, zuri, linang'aa. Nililipiga. Mke wangu alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho wa ubeti, akasema asante, akarudi jikoni. Nikajua kwamba lile lililopasuka lisipopona, sauti ya pili haitasikika tena nyumbani kwangu.

Tulielekezwa kwa fundi aliyeko Hagsätra. Safari ni nyepesi, treni ni ile ile kutoka mwisho mmoja wa njia hadi mwisho mwingine. Fundi ni Mswidi wa makamo, karakana yake iko chini ya ghorofa. Alisoma ile karatasi ndani ya tundu, akavuta kiti. Ujanani mwake aliishi Japani kwa fundi mmoja wa magitaa. Hili halikutoka kwa bwana wake, alisema, ila limetoka kwa watu wa namna ile, mafundi waliofanya kazi peke yao katika kibanda nyuma ya nyumba, mke akipaka vanishi kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Bwana wake alianza kama seremala wa makabati. Randa zao zinavutwa kuja kifuani, hazisukumwi kama zetu. Na siku ya mvua mzee yule hakugusa gundi kabisa. Siku hiyo walinoa vyuma na kunywa chai, maana ubao uliovimba, alisema, unakudanganya.

Nilimuuliza ubao ule ni wa mti gani. Akasema mwerezi. Nilifurahi kupita kiasi, maana mti ule wa kwenye Biblia nimeuhubiri miaka mingi bila kuushika.

Nilidhani atapaka gundi tuondoke. Akakataa. Ufa ukizibwa ubao ukiwa mkavu, kiangazi ubao utavimba na kupasuka pembeni. Kwanza unyevu urudi polepole mpaka ufa ujifunge wenyewe. Akalegeza nyuzi, akakataza kulipiga, akatuazima kipima unyevu kidogo chenye mshale. "Mshale ukikaa kwenye kijani," alisema, "hata mkiliweka zizini mimi sina neno."

Nyumbani mshale ulilala kwenye nyekundu. Tulijaribu sponji yenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni, tukajaribu bafuni, lakini feni ya bafuni hunyonya kila kitu. Mke wangu ndiye aliyeona njia. Siku yetu ya kufua alishuka na kipima unyevu mfukoni, akapanda ngazi akihema.

"Kijani," alisema. "Katikati kabisa."

Basi tukalihamishia gitaa chumba cha kufulia. Asiyekaa Stockholm ajue kwamba chumba hicho, chini ya ghorofa, ni cha wote, na kila nyumba huweka kufuli lake dogo ubaoni kushika zamu. Mtu anaweza kusamehewa mengi hapa, ila si kuchezea zamu za kufua. Na mimi, kama mzee wa kanisa, sikuweza kushika zamu ya kufua halafu nisifue. Huo ungekuwa uongo. Kwa hiyo tulifua. Nguo zetu ziliisha mapema, tukafua mapazia. Tukafua vitambaa vya makochi. Kisha nikatangaza Jakobsberg kwamba majoho ya kwaya yatafuliwa bure, na dada mmoja Mkongo akaniletea na mablanketi yake, akisema, "Papa, Mungu amekuonyesha huduma mpya."

Tulikaa pale kwenye viti viwili vya kukunja, gitaa kati yetu ndani ya sanduku lake lililofunguliwa, halipigwi, mashine zikizunguka. Mke wangu alivua vifaa vyake kwa sababu ya kelele, kwa hiyo hatukuongea sana. Nilisali. Yeye alifuma. Kila baada ya kitambo aliinama kuutazama ufa kama mtu anayechungulia mtoto mwenye homa, akatikisa kichwa, au siku nyingine akakitikisa kidogo kidogo, yaani afadhali.

Jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, mama wa Kiswidi mjane ambaye ndiye askari wa chumba kile ingawa hakuna aliyemwajiri, alianza kupita. Alitazama majoho. Alitazama gitaa. Kisha akabandika karatasi mlangoni kwamba chumba hiki si hoteli, na wanaofua nguo safi wanawanyima wenye nguo chafu.

Ile ya nguo safi ilinichoma, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimerudia mapazia yale yale. Nilimuuliza mke wangu kama kufua pazia safi ni udanganyifu. Akasema swali hilo nimpelekee aliyeandika.

Nikagonga mlango wake. Nilimweleza yote kwa Kiswidi changu nilichojifunza baada ya kustaafu: masikio, sauti ya pili, mwerezi, hewa kavu, mshale. Nikamwambia kama tunadhulumu mtu tutaacha leo, hata kama ufa haujajifunga. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango nusu.

"Kwa hiyo kinachotakiwa ni kufua tu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na mapazia yenu ni masafi."

"Masafi sana."

Alifungua mlango wote. Ukumbini palikuwa na mazulia yamekunjwa, ya marehemu mume wake, ambayo mgongo wake haukumruhusu kuyashusha. Yalikuwa na uchafu wa haki kabisa. Tukayafua, zulia moja kila zamu, naye akatuachia na zamu yake. Mara nyingi alishuka kukaa nasi. Alikuja na kahawa na kiti chake, akawa mkali kuliko sisi: mtu akiacha mlango wazi, anamfokea kwamba kuna mgonjwa humu.

Ufa ulijifunga kabla theluji haijaisha. Sikuamini mpaka nilipopitisha ukucha na usikwame. Tulipanda treni tukiwa tumelifunga gitaa kwa shali, na fundi akatia gundi yake, akabandika vipande vidogo vya mwerezi kwa ndani, akatwambia tungoje kidogo tena. Kungoja tulikuwa tumekwisha kuzoea.

Lilipotoka nilikaa sebuleni pale pale. Jirani alikuwa amealikwa, mazulia yake yakiwa yamepata mtu wa kuyapandisha. Nikapiga pambio. Nyuki hakuwepo. Mke wangu alikaa mikono mapajani, ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza, na sauti ya pili haijaja. Nilifikiri, Bwana, labda tumechelewa.

Akainua kiganja niache kupiga.

"Baba, umeanza juu mno," alisema. "Unataka nipasuke na mimi?"

Nikashusha. Akaingia.