Kaye Mbili za Bluu

Haya, nitawaambia, lakini musicheke kabla sijamaliza, kwa sababu mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu la Burungu nainamisha kichwa kama mutu anatafuta sindano.

Mimi jina langu ni Vumilia (sikujipa mwenyewe), na bwana wangu Faustin alienda Ntoto, kule Walikale, kutafuta shamba na biashara kidogo, akasema ni wiki tatu, sasa maharagi tumevuna mara mbili. Anapiga simu akikosa kitu. Viatu, ao koti, ao nimuombee musamaha kwa mutu mwenye waligombana, na mimi, bana, nilikuwa nakimbia, natuma, naomba musamaha kwa makosa nisiyoyajua, na kila jioni natenga sahani yake ya bugali, naifunika vizuri, asubuhi naipatia kuku. Kuku zikanenepa, mimi nikakonda.

Njo nikaenda kwa Mama Josephine, mwenye anasikilizaka wanawake wenye mizigo moyoni pale karibu na soko. Akaniambia, "Dada, umehamia ndani ya maisha ya mutu mwengine, na yako imeota majani." Akanipa karatasi za tafakari, moja kwa kila asubuhi: unakaa, unapumua pole pole, unasoma kwa sauti, unanyamaza kidogo, halafu unaenda shamba. Nikaziandika upya katika kaye, daftari kama la shule, na kila pahali paliandikwa "mutu yule" nikaweka Faustin, ili maneno yaniingie. Juu ya kila ukurasa nikaandika kwa herufi kubwa: SOMO LA LEO.

Sasa musikilize upumbavu wangu. Musomaji wa kanisa ni mimi. Kitabu cha masomo kilipotea wakati tulikimbia vita, tangu hapo kila siku ya posho naenda parokiani kunakili somo la kesho yake, yenga, siku ya ibada, katika kaye ingine, na siku ya kununua hizo kaye mbili zilikuwako za rangi zote, mimi nikachukua bluu na bluu. Kwa nini bluu? Faustin anapenda bluu.

Yenga ile kanisa limejaa, Papa katekista amefunga macho, mama mukwe wangu yuko kwenye benchi ya pili na kitambaa chake cheupe kichwani. Nikafungua. "Somo la leo." Mpaka hapo hakuna kosa. "Wewe uliyechoka, keti, pumua." Hapo nikajua nimebeba kaye ya nyumbani, lakini niambieni, nani anasimamisha somo katikati na kusema samahani, hii ni ya nyumbani? Nikasema moyoni niruke mistari, jicho likaangukia pabaya zaidi: "Leo sitamupikia mutu asiyekuwa mezani. Faustin si mutoto wangu. Njia ya nyumba anaijua. Ninamupenda, na leo nitatenga sahani moja."

Kwa ile "ninamupenda" sauti ikakatika (asubuhi zote nikiwa peke yangu ilikuwa inakatikia palepale). Nikafunga kaye, na kwa mazoea tu nikasema, "Neno la Bwana." Na kweli lilikuwa la bwana, ila wangu.

Kanisa nzima, wazee kwa watoto, wakajibu, "Tumushukuru Mungu."

Papa katekista akafungua macho, akaangalia kaye, akaniangalia. Na kwa vile hakuwa na somo lingine la kuhubiri, akahubiri juu ya sahani. Muda murefu. Vijana wa nyuma walikuwa wanauma mikono yao ili wasicheke.

Nilitaka kutoka wa kwanza, lakini mama mukwe alikuwa ameshasimama kwa mulango, na watu wakapunguza mwendo ili wasikie.

"Vumilia."

"Mama, unisamehe, nilikosea kaye..."

"Ile ya sahani," akasema, na akashusha sauti. "Na mimi natengaka yake. Kila jioni. Kesho utakuja unisomee?"

Nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu namungojea yule mutu hivi.

Basi nimeapa: kaye ya nyumbani haitatoka tena nyumbani, na nimeishonea gamba la kitambaa cha rangi nayopenda mimi mwenyewe (ni nyekundu, ilinichukua siku tatu kujua). Kila asubuhi naenda kwa mama mukwe, tunakaa karibu na moto, tunapumua, nasoma, na yeye anajibu "Tumushukuru Mungu" kama tuko kanisani. Kisha tunanyamaza, njo pale pikipiki inasikika inapanda mulima, na sisi wote wawili tunanyanyua kichwa.

Inapita, si Faustin. Mama anasema, "Soma tena," na mimi nasoma tena.