Veneranda afuata baridi Mufindi

Saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa sufuria unagongagonga jikoni. Maji ya kuoga yanachemka. Veneranda Mwakalinga, muuza masweta ya mitumba wa Mwanjelwa jijini Mbeya, amejikunyata chini ya blanketi nyumbani kwa rafiki yake, Lusia Kihwele, huko Mufindi mkoani Iringa.

Anatetemeka, na baridi yenyewe anaionea wivu.

"Lusia baridi anayo bure, mpaka inamwagika," anasema. "Mimi kwangu naitafuta siioni."

Jana yake alipanda basi na gauni jepesi na khanga moja. Muuza masweta kasahau sweta.

Wanawake hawa waliuza pamoja Mwanjelwa kwa miaka mingi, meza kwa meza. Walinunua belo moja, furushi kubwa la mitumba, kwa ubia, wakalifungua na kuchagua kwa zamu: moja lako, moja langu. Kisha mama yake Lusia akaugua, naye akarudi kwao Mufindi kumuuguza. Huko akaanza kuwauzia wachumaji wa chai.

Habari zikamfikia Veneranda. Lusia kaongeza chumba. Lusia hauzi mezani tena, ana kibanda. Veneranda mwenyewe, aliyekuwa akiuza masweta kumi kwa siku mwezi Juni, sasa akiuza matatu anashukuru.

Jirani yake sokoni, Nusrat, anauza juisi ya ukwaju yenye barafu na wateja hawamwishi. "Mama Goodness, niuzie hilo zito nifunikie barafu yangu," humtania Veneranda kwa jina la mwanawe.

Veneranda hacheki. Yeye husema joto la Mbeya limeletwa na mji wenyewe: mabati, lami na nyumba zilizopanda mpaka milimani palipokuwa na miti. Nusrat hubisha kwamba dunia nzima imechemka, hata wakulima wa Kalenga, kijijini Iringa, wanalalamika.

Kwa Veneranda huo si ubishi wa kupitisha muda. Kama kosa ni la mji, atahamia Mufindi na kufungua kibanda jirani na Lusia. Kama ni la dunia, atakuwa amehama na hasara yake mgongoni.

Mtaalamu mmoja wa hali ya hewa anasema wote wawili wako sahihi. Saruji na lami hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, wakati mabadiliko ya tabianchi yanapandisha joto mjini na vijijini. Kujua kipi kimechangia kiasi gani, anaongeza, kunahitaji vipimo vya miaka mingi, ndani na nje ya mji.

Veneranda hakumwambia mwenyeji wake alichofuata. Lakini Lusia alipomwona anatetemeka, alitungua kibandani sweta la bluu, zuri kuliko yote, akamvalisha na kumfunga vifungo. Bei hakutaka hata kuitaja.

"Nikawa na joto na wivu pamoja," anasema Veneranda.

Asubuhi amekaa kibandani akiwahesabu wateja kwa macho. Jua likipanda, wachumaji wanayavua masweta na kuyafunga kiunoni. Lusia anamweleza kuwa zamani sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilifanya majani kuwa meupe mara kwa mara. Siku hizi huonekana kwa nadra.

"Dada, usidhani nimekaa ndani ya jokofu," anamwambia. "Na huku baridi inaondoka, ila inaondoka polepole."

Veneranda anakiri kwamba roho yake ilitulia kidogo kusikia hivyo.

Kumbe na Lusia ana wivu wake. Mufindi, baridi ikikaza ndipo chai inapopungua na wachumaji kukosa hela. "Wewe una wanafunzi wa kununua masweta ya shule mwaka mzima," anasema. "Mimi nafukuza nzi."

Basi Veneranda hatahama. Wamekubaliana kurudi kwenye belo moja, bila zamu: mazito yote yaende Mufindi, mepesi na ya shule yabaki Mwanjelwa. Inamuuma, maana mazito ndiyo mazuri, na mkono wake ndio utakaoyafunga na kuyapakia kwenye basi.

"Nitayatuma," anasema. "Hata lile ambalo moyo wangu unalililia."

Kituoni, Lusia anamkabidhi kifurushi cha majani ya chai na kumshika mkono.

"Rudi, dada, kabla baridi haijaisha," anasema. "Ila safari ijayo usije kukagua kibanda. Njoo unione mimi."