Akala Kwenye Kipimo

Mimi ni zao la ngumbaru. Nilisoma jioni nikiwa na ndevu, na nilipopata cheti nilikiinua juu mpaka nadhani hata watu wa Lokori, mbali kule, walikiona. Kwa hiyo nilipoajiriwa Lodwar kumsaidia mtaalamu wa viungo kupima watoto wenye mtindio wa ubongo, fomu niliiheshimu kama Biblia.

Siku ya kliniki ya Kakuma, mama mmoja alimleta bintiye wa miaka sita. Alitaka fremu ya kutembelea. Asiyeweza kusimama kabisa hupewa kiti cha magurudumu, na kiti hicho kwenye mchanga wa kwao ni sawa na kumfunga mtoto mtini.

"Ejok, daktari," akanisalimu. Sikumsahihisha. Nilivimba kidogo.

Fomu ilisema miguu mitupu. Nikamvua mtoto akala, nikamsimamisha kwenye vigae, nikamwachilia huku nikitazama sekunde kwenye simu. Akaniangukia mikononi. Mara tatu. Nikaandika sifuri, tena kwa mwandiko mzuri.

"Umemvua miguu, halafu unauliza kama anasimama?" mama akafoka, akanisukumia zile akala.

Nikazikagua. Baba mtu alikuwa amezikata kwenye tairi. Ya kushoto aliiongezea tabaka mbili kisiginoni, na kamba za ngozi zilipanda hadi juu ya kifundo. Katika miaka yangu mia tano ya darasani, hakuna aliyenifundisha kitu kama hicho.

Nikamwita mkubwa wangu, yule mtaalamu. Akacheka. "Wewe, kwani fomu ndiyo inatembea? Mvishe, mlete nje."

Nje, kwenye mchanga, mtoto alitetemeka, mikono kaitandaza. Nikahesabu. Sekunde nane.

"Sasa niandike sifuri au nane?"

"Zote. Andika ipi ni ya miguu mitupu na ipi ni ya akala. Fremu apewe."

Sifuri yangu haikuwa uongo, nimelifikiria sana hilo. Bila akala hasimami. Lakini kwa miiba ya kwao, ni lini anatembea bila akala?

Fremu ilikuwa ndefu, tukaishusha hadi tundu la mwisho. Akaishika, akapiga hatua mbili, akasimama akitutazama sisi watatu tuliojipanga mbele yake. Tukampisha njia.